Tulinyamaza Ndani ya Basi

Makala hii tumeiandika watatu, mafrateri wa Jimbo la Mpanda. Tulipaswa kuwa wanne. Wa nne ameisoma yote, amefuta mahali pawili, kisha akatuomba tusiweke jina lake, kwa maelezo kwamba hajaingia seminari ili awe mfano wa somo. Tumekubali. Humu tutamwita mwenzetu tu, maana ndivyo alivyo, ingawa siku tunayotaka kuisimulia hatukumtendea kama mwenzetu.

Ilikuwa Desemba 2019. Tulikuwa mwaka wa kwanza wa falsafa, tunarudi nyumbani kwa Noeli. Tulilala Tabora, asubuhi tukapanda basi la Mpanda. Wanaoijua njia ile wanajua kwamba ukishapita Sikonge, pori ni refu na abiria wengi husinzia. Baada ya kuvuka mto Koga basi lilisimamishwa kwenye kizuizi. Afisa akaingia, akatembea taratibu kati ya viti akitazama nyuso. Sisi watatu alitupita. Kwa mwenzetu akasimama.

"Wewe, kwenu wapi?"

"Katumba, afande."

"Katumba ya wakimbizi?"

Mwenzetu akasema Katumba ya Mpanda. Ni palepale, ila ukiwa mtoto wa pale unajua tofauti ya majibu hayo mawili. Akaombwa kitambulisho. Alikuwa na kitambulisho cha seminari na namba ya NIDA iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu kadi yenyewe ilikuwa bado haijatoka. Na sisi tulikuwa na namba tu. Watu wengi ndani ya basi lile walikuwa na namba tu. Ndiyo miezi ambayo nchi nzima ilikuwa inapanga foleni za NIDA ili laini za simu zisizimwe. Lakini aliyeambiwa ashuke ni yeye.

Alisimama juani kama dakika arobaini. Dirisha lilikuwa wazi, tulisikia. Wakamuuliza jina la babu, jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza, jina la mwenyekiti wa kijiji. Akajibu yote. Kisha mmoja wao akamwambia aseme "nilikuwa nimelala". Akasema. "Sema tena." Akasema tena. Wakacheka, na ndani ya basi pia kuna waliocheka. Kirundi hakina nafasi kubwa kwa herufi L, na mtu aliyelelewa na bibi anayezungumza Kirundi nyumbani huweza kuiteleza L ikawa R akiwa na hofu. Mwenzetu huwa hateleziki. Siku ile aliteleza.

Sisi tulifanya nini? Mmoja wetu alitoa rozari. Mmoja alijifanya amelala. Wa tatu aliangalia simu ambayo haikuwa na mtandao. Tulikuwa tumetoka kusoma muhula mzima juu ya hadhi ya binadamu, na mtihani wake tulifaulu.

Aliyeshuka ni mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa na robota la mitumba chini ya kiti. Hakumjua mwenzetu. Alishuka na kanga yake begani, akasimama katikati yao, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Huyu ni mtoto wa kanisa. Kama mnabaki naye, shusheni na mzigo wangu, na mimi nabaki." Konda akaanza kulalamika kwamba muda umekwenda. Abiria wengine wakapata ujasiri wa kulalamika pia, wao juu ya muda, si juu ya mtu. Mwenzetu akarudishiwa karatasi zake. Mama yule alipopita kwenye viti vyetu akatutazama mmoja mmoja. "Na nyie mafrateri, midomo mmeacha Tabora?"

Mpaka Mpanda hakuna aliyesema kitu.

Tulizaliwa Mpanda mjini, na neno "mkimbizi" tulilijua kabla ya kujua maana yake. Uwanjani, mwenye katambuga zilizochanika aliitwa mkimbizi. Aliyekula haraka, mkimbizi. Wakati huohuo mahindi tuliyosaga, maharage tuliyokula na mihogo iliyouzwa sokoni ilitoka Katumba kwa kiasi kikubwa. Wazazi wetu walijua siku ya mnada wa kule kuliko walivyojua sikukuu ya somo wa parokia. Tulikula jasho la watu tuliowadharau, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona jambo hilo ni la ajabu.

Historia yenyewe hatukufundishwa shuleni. Tumeisoma baadaye, na sehemu tumeisikia kwa mwenzetu. Mwaka 1972 jeshi la Burundi chini ya Micombero liliua Wahutu kwa maelfu mengi, wasomi na viongozi wakitafutwa kwanza. Waliosalimika wakakimbilia Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwagawia ardhi kwenye makazi matatu makubwa: Ulyankulu upande wa Tabora, Katumba, na Mishamo iliyofunguliwa 1978. Shirika la TCRS la Walutheri lilishirikiana na serikali na UNHCR kujenga barabara, visima, shule na zahanati. Pori lilifyekwa na wenyewe. Mwaka 1983 Mwalimu alipewa Medali ya Nansen kwa namna nchi yake ilivyowapokea wakimbizi, na aliistahili.

Lakini ukarimu huo ulikuwa na uzio. Mtu wa Katumba aliyetaka kwenda Tabora au Kigoma, kuuza au kuzika, alihitaji kibali cha kutoka makazini. Akikutwa njiani bila kibali, alikuwa mkosaji. Vizuizi vya barabarani ambavyo kwetu vilikuwa usumbufu wa dakika tano, kwao vilikuwa mpaka wa nchi ndogo ndani ya nchi. Mtafiti Liisa Malkki aliishi kati ya Warundi wa Mishamo na wa mjini Kigoma katikati ya miaka ya 1980, akaandika kitabu kilichotoka 1995. Aliona kwamba wale wa Mishamo walisimulia habari zao za Burundi usiku na mchana, na wale wa Kigoma walijificha ndani ya majina na makabila mengine ili waishi kwa amani. Tulipomsomea mwenzetu jambo hilo alicheka kidogo. Alisema siku hizi mtu mmoja hufanya yote mawili: nyumbani ni Mishamo, ndani ya basi ni Kigoma.

Mwishoni mwa 2007 serikali iliwaambia watu hao wa 1972, ambao kwa hesabu ya wakati huo walifika takriban 218,000 katika makazi yote matatu, wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia. Kama wanne kati ya kila watano walichagua Tanzania. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa. Mwaka 2010 maombi ya zaidi ya watu 162,000 yalikubaliwa. Halafu likaja sharti: ili wapewe vyeti, wahame makazi yale na kutawanywa katika mikoa mingine. Hapo walikuwa si wakimbizi tena, na raia bado. Baba yake mwenzetu anasema hiyo ndiyo miaka mirefu kuliko yote. Hujui kama upande mwembe. Hujui kama uezeke bati.

Hawakuandamana. Tumeuliza sana juu ya hilo, kwa kuwa tulitaka kupata maandamano ya kuandika. Mzee alitushangaa. Uandamane ukiwa na karatasi gani? Walilima. Mahindi, maharage, tumbaku. Msimu ulipofika walilima kama watu wasiotarajia kwenda popote, na msimu uliofuata tena. Mpango wa kuwahamisha ulisimama, na Oktoba 2014 Rais Kikwete alianza kugawa vyeti vya uraia wa tajnisi, watu wakiruhusiwa kubaki walipo. Sisi tunaamini jembe lilikuwa hoja katika uamuzi ule, hata kama halikuitwa mezani. Mzee hakubaliani nasi. Anasema walilima kwa sababu ya njaa.

Cheti cha baba yake mwenzetu kimefungwa kwenye nailoni, kikawekwa ndani ya Biblia ya Kirundi. Ukitazama vizuri, ile Desemba 2019 tulikuwa miaka mitano baada ya cheti. Sheria ilikuwa imekwisha kusema. Afisa yule hakuwa akifuata sheria. Alikuwa akifuata jambo lilelile tulilolifuata sisi uwanjani tukiwa na miaka saba. Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu yeye peke yake bila kujilaumu sisi wenyewe. Yeye alikuwa na sare, ndiyo tofauti, na ni tofauti kubwa.

Machi 2020 shule na vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, tukarudi Mpanda. Tulikuwa nyumbani tarehe 25 Mei, George Floyd alipouawa Minneapolis chini ya goti la polisi. Picha zilitufikia kwa simu kama zilivyowafikia watu wote. Juni vyuo vilipofunguliwa tukarudi seminarini tukiwa tumewaka moto. Tuliomba ruhusa kwa walezi, tukaandaa rozari ya kumwombea Floyd na kuombea haki kwa watu weusi wa Marekani. Mmoja wetu aliandika nia za sala. Wakati ule ilisemwa ni dakika 8 na sekunde 46. Tukakaa kimya kwa muda huohuo, saa ukutani ikihesabu. Ilikuwa sala nzuri. Padre mlezi alitushukuru.

Mwenzetu alikuwapo, alisali. Usiku, tukiwa tunafua, akasema bila kututazama: "Hata mimi siku ile mliniombea, najua. Mngeomba kwa sauti."

Hatukuwa na jibu. Mmoja wetu aliendelea kusugua kola ambayo ilikuwa safi tayari.

Tusieleweke vibaya: hatusemi ya Minneapolis na ya Koga ni kitu kimoja. Mtu aliuawa kule; huku mtu aliaibishwa, akapanda basi, akafika nyumbani. Ila tulichojifunza ni kwamba neno "ubaguzi wa rangi" lilitupa mahali pazuri pa kujificha. Rangi yetu ni moja, basi ubaguzi ni wa wengine, ng'ambo ya bahari, na sisi kazi yetu ni kuhuzunika. Katavi hatubaguani kwa ngozi. Tunatumia herufi moja ya alfabeti, na umbo la pua, na jina la kijiji. Hata Waha wa Kigoma, ambao lugha yao inasikilizana na Kirundi, huulizwa kwao ni wapi wakati Mfipa aliyekaa kiti cha pili anaachwa asinzie.

Tulipofika teolojia, tulifundishwa kitabu cha Waamuzi. Sura ya 12: Wagileadi wanashika vivuko vya Yordani, na kila anayetaka kuvuka anaambiwa aseme "Shibolethi". Mwefraimu anasema "Sibolethi", ulimi haufiki, anachinjwa. Kitabu kinataja watu 42,000. Mhadhiri alieleza mambo ya matamshi ya Kiebrania, na darasa likaandika. Sisi watatu hatukuinua macho. Mwenzetu aliinua mkono, akauliza swali moja: wale Waefraimu wengine waliokuwa wameshavuka, waliojua kutamka, walikuwa wamesimama wapi? Mhadhiri alisema Maandiko hayasemi. Ni kweli, hayasemi.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wa nje ya jimbo letu huenda hawalijui. Mtu ambaye wazee wa Karema humtaja kwa heshima kuliko wengi ni mgeni. Adrian Atiman alizaliwa mbali sana, upande wa mto Niger, akatekwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa uganga huko Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Alikuwa katekista na tabibu hapo mpaka alipofariki 1956. Alioa hapo, mwanawe akawa padre. Zaidi ya miaka sitini alitibu watu ambao hakuzaliwa lugha yao. Tukienda kuhiji Karema tunamwimbia. Hatujawahi kusikia mtu akiuliza matamshi yake yalikuwaje. Na mji wetu wenyewe, Mpanda, ulikua kwa mgodi wa madini ya risasi na reli iliyofika kutoka Kaliua mwaka 1950. Babu zetu wawili kati ya watatu walishuka kwenye treni ile wakiwa vibarua wasiojua neno la Kibende wala Kikonongo.

Tungeishia hapo kama si mwaka 2025.

Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, tulikuwa seminarini. Mtandao ulizimwa nchi nzima. Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Vijana waliingia barabarani katika miji kadhaa, na watu waliuawa. Juu ya idadi yao serikali na wapinzani hawakukubaliana. Sisi tulikuwa tukisali Masifu ya jioni huku kila mmoja akiwaza nyumbani. Tarehe 3 Novemba, akiapishwa Dodoma, Rais alisema kwamba baadhi ya vijana waliokamatwa walitoka nje ya nchi. Wengi wetu kwenye chumba cha televisheni tuliyapokea maneno hayo kama sehemu ya hotuba. Mwenzetu alisimama, akatoka.

Tulimkuta nje anapiga simu nyumbani. Mama yake alisema Katumba ni shwari, watu wako mashambani, mvua za kwanza zimeanza. Kisha akamwambia mambo mawili: asitoke nje ya geti la seminari, na asiongee Kirundi kwenye simu. Walikuwa wakiongea Kirundi wakati anamwambia. Wakamaliza kwa Kiswahili, taratibu, kama watu wanaosomeana barua.

Novemba hiyo maaskofu wetu, kupitia TEC, walikemea mauaji ya waandamanaji. Tulifurahi, tukajiona tuko upande wa haki. Lakini tulikuwa tumeshajifunza kutoiamini furaha ya aina hiyo. Maaskofu walikuwa wamesema kwa sauti. Sisi je? Pale hotelini kwetu Mpanda, kwenye bodaboda, kwenye jumuiya ndogo ndogo, neno "wageni" litakapoanza kutafuta mtu wa kumkalia, litamkalia nani? Halitakwenda Ulaya. Litakwenda kilomita chache tu nje ya mji, kwa watu wanaotulisha.

Desemba tukasafiri tena, wanne, basi la Tabora kwenda Mpanda. Siku hizi njia ni ya lami, pori linapita haraka. Tulikuwa tumeshapatana watatu bila kumwambia yeye. Kizuizi kilikuwapo, si palepale, mbele kidogo. Afisa aliyeingia alikuwa kijana, pengine rika letu. Alipita viti vya mbele, akafika kwetu, akamwambia mwenzetu: "Kitambulisho." Mwenzetu sasa ana kadi ya NIDA; akaitoa. Nasi tukatoa za kwetu, tukazinyoosha zote tatu.

"Ninyi nimewaomba?"

"Hapana, afande," mmoja wetu akasema. Sauti ilitetemeka, tukiri. "Lakini tumekaa pamoja naye. Kama kuna ukaguzi, tukaguliwe wote."

Akatutazama. Akauliza kama tunamfundisha kazi. Tukasema hapana, afande. Akazichukua kadi zote nne, akashuka nazo, akakaa chini ya mti pamoja na mwenzake, na tukaona wanaongea mambo mengine kabisa, wakicheka, kadi zetu zikiwa juu ya goti. Dakika zikapita. Konda akaja kutuambia tumejitakia. Abiria wa nyuma akasema mafrateri wa siku hizi wanajifanya wanaharakati. Mama mmoja mwenye mtoto akauliza kwani kosa lao nini, na hakuna aliyemjibu.

Baada ya karibu saa nzima kadi zilirudi kwa mkono wa konda, bila neno. Basi likaondoka. Tulikuwa tumelowa jasho, na ndani kwa ndani, tukiri na hili, tulikuwa tunajivunia. Tukamgeukia mwenzetu.

Alikuwa anaangalia saa. "Mama alikuwa anasubiri stendi tangu saa nane," alisema. "Na simu yake haina chaji. Mmenichelewesha."

Kisha akatoa karanga kwenye mfuko wa suruali, akatugawia.